Meza Isiyogongwa

Asubuhi ya kikao Baba Pacha alikohoa kidogo kabla ya kusema, na mkewe akajua kuna neno. Mwanamume huyo alikuwa dereva wa malori, mwenye sauti ya kuitana ng'ambo ya barabara, na zamani hakuwa na haja ya kukohoa ili asikike ndani ya chumba kimoja. Lakini tangu kampuni iliyomwajiri ifunge milango, alikuwa amejifunza adabu za mgeni nyumbani kwake mwenyewe. Akikaribishwa chakula anasema ameshiba. Akitaka kupita anasema samahani, hata kama anayempisha ni binti yake wa kumzaa.

"Mama Pacha, leo ndiyo mnapiga kura?"

"Sisi hatupigi kura, si unajua. Tunagonga."

"Haya, mnagonga. Na wewe utagonga?"

Mama Pacha alikuwa akimsuka mmoja wa mapacha wake, yule mwenye nywele ngumu na machozi mepesi. Mkono ukamsimama katikati ya msuko. Mtoto akashukuru kimoyomoyo.

Afadhali ielezwe mapema habari ya kugonga, maana hakuna kwingine watu walikofanya mambo hivyo, na baada ya yaliyotokea sidhani kama atapatikana wa kuiga. Mama Pacha alikuwa mkandaji katika kiwanda cha mikate kilichomilikiwa na wafanyakazi wenyewe. Tajiri wa kwanza aliwakimbia pamoja na madeni yake, nao wakabaki na tanuri la moto na mishahara isiyolipwa, wakaamua kuendelea kuoka. Walipokaa kujiwekea utaratibu, kitu walichokiogopa kuliko vyote ni wengi kumkanyaga mmoja. Basi wakakubaliana hivi: jambo kubwa likija, mwenyekiti atalitamka mara tatu mbele ya meza ya kukandia unga. Asiyelitaka ataigonga meza. Haulizwi sababu, halaumiwi, hasutwi. Akigonga mmoja tu, jambo limelala. Wakinyamaza wote, limepita. Walijivunia sana utaratibu huo. Waliamini wameziba kila tundu.

Jambo la siku hiyo lilikuwa kubwa kupita yote: kumuuzia tajiri mwenye viwanda vitatu kiwanda chao, tanuri, jengo na jina.

"Yule wakala wake aliniita juzi," Baba Pacha alisema akiangalia sakafu. "Wana malori mapya ya kusambaza mikate. Moja kaniambia ni langu. Nimeliona kwa macho yangu, Mama Pacha. Kiti bado kina nailoni."

"Lako kivipi? Kwa uzuri wa macho yako?"

"Jambo likipita."

"Aa." Mama Pacha aliachia nywele. "Na sisi tunaokanda?"

"Kasema hafukuzwi mtu. Kazi itaongezeka, tena itakuwa nyepesi. Mwenyewe unalia mgongo kila siku."

"Na dirisha?"

Kiwanda kilikuwa na dirisha linalotazama mtaani, na kila jioni mikate iliyobaki ilipangwa hapo. Mpita njia alichukua anachohitaji bila kuulizwa. Mwenye chochote aliacha chochote, na asiye nacho aliacha salamu. Watu wa nje waliwaona wajinga. Lakini pale mtaani, ambapo hata ndala zilizoanikwa ukutani huota miguu, kiwanda hakikuwahi kuibiwa hata gunia tupu. Kuni zilipokatika msimu wa mvua, watu wasiojulikana walizileta mlangoni. Shoga yake Mama Pacha, mkandaji mwenzake aliyeitwa Hamira kwa sababu hakukawia kuumuka akiudhiwa, alipenda kusema, "Jirani akishiba, mlinzi wa nini?"

Baba Pacha alisogeza kiti karibu na mkewe. Alisema kwa sauti ya chini, ingawa mapacha wote wawili walikuwa wanasikia kila kitu, kama watoto wanavyosikia.

"Jana nilikwenda kwa kinyozi. Kaniuliza mbele ya watu, shemeji ametoa hela ya nywele leo au tukukopeshe? Wakacheka. Na mimi nikacheka. Ningefanya nini?" Alilivuta shati likae sawa. "Wewe una heshima, huniambii kitu. Unaniwekea pesa chini ya kopo la sukari ili nisikuombe. Naziona. Kila nikizichukua naangalia mlango kama mwizi. Mke wangu, sijakuomba jambo tangu nikae nyumbani. Leo naomba. Sikwambii useme ndiyo. Nyamaza tu. Kunyamaza ni kosa?"

Mama Pacha alimtazama mumewe, shati lake lililonyooshwa vizuri bila mahali pa kwenda, akahisi moyo unamuuma. Alimpenda. Aliona aibu kwamba amemfanya mwizi wa pesa za sukari bila kukusudia.

"Hata nikinyamaza mimi, Hamira atagonga. Wamjua yule. Atagonga mpaka meza ivunjike."

"Basi akigonga Hamira nitasema ndivyo Mungu alivyopanga. Ila asiwe mke wangu."

Ndipo Mama Pacha akapata nafuu. Hesabu ilimkalia sawasawa: atanyamaza, mumewe atajua mke wake hakumzibia riziki, Hamira atagonga, kiwanda kitabaki. Hatapoteza kitu. Alimaliza kusuka nywele za mtoto akiimba taratibu.

*

Wakala wa tajiri alikuja na viatu vyenye ncha, suruali ameipandisha kidogo isishike unga. Alikuwa kijana mpole, mwenye meno mazuri, na hakuna aliyepata sababu ya kumchukia. Walikaa kuizunguka meza ya kukandia, watu kumi na mmoja, wengine juu ya magunia, wengine juu ya trei zilizogeuzwa. Mwenyekiti alikuwa mzee wa tanuri, mtu aliyeungua nyusi zamani sana zikakataa kuota tena, kwa hiyo muda wote alionekana kama anayeshangaa.

"Ndugu zangu," wakala alianza, "mimi sikuja kuwatukana. Mnafanya kazi kuliko sisi. Lakini tuseme ukweli. Anayekanda, anayechoma na anayefagia wanapata sawa. Kila jioni mnagawa bidhaa bure. Hiyo si biashara. Hiyo ni huruma."

"Na huruma hiyo imetulisha," Hamira alidakia. "Biashara ya yule bwana wa kwanza ilitulisha nini? Vumbi la gari lake akikimbia."

Walicheka, hata wakala alicheka. Mama Pacha alifurahi. Huyo ndiye Hamira, ameshaanza kuumuka.

"Dada, nakubali," wakala alisema. "Lakini tanuri lenu lina ufa. Nani atalikarabati?"

Hapo kicheko kilikatika. Ufa ulikuwapo kweli, na kila wiki ulikuwa ukirefuka. Walishakwenda benki kukopa, wote, wamevaa nguo za sikukuu. Karani aliuliza mwenye mali ni nani. Wakasema ni sisi sote. Karani akauliza tena, polepole, kama mtu anayesema na viziwi, mwenye mali hasa ni nani, mmoja, wa kumdai? Wakajibu tena ni sisi sote. Akaweka kalamu chini, akawaomba wampishe anayefuata. Walirudi kwa miguu, na njiani walibishana nani alipaswa kusema nini, wakati ukweli ni kwamba hapakuwa na la kusema. Benki ile ilikuwa na mahali pa kumwandika mtu, na mahali pa kuwaandika watu haikuwa napo.

"Tunaweza kulitengeneza wenyewe," mzee wa tanuri alisema bila nguvu. "Kidogo kidogo. Mtaa utasaidia."

"Mtaa?" wakala aliuliza kwa upole. "Hao wanaochukua mikate dirishani?"

Wakala aliombwa asubiri nje, na mzee wa tanuri akasimama, akafuta mikono kwenye suruali.

"Jambo ni kuuza," alitamka mara ya kwanza. "Asiyetaka agonge."

Mama Pacha alimtazama Hamira. Mkono wa Hamira ulikuwa juu ya meza tayari, umekunjwa ngumi, na Hamira alikuwa akimtazama yeye. Macho yao yalikutana. Mama Pacha akashindwa kuyahimili. Akayainamisha.

"Jambo ni kuuza. Asiyetaka agonge."

Mtu alikohoa. Mpanga trei, kijana mwenye mke mjamzito, aliikwangua meza kwa kucha, wote wakageuka, kumbe anabandua unga uliokauka. Aliona wamemtazama akaurudisha mkono mfukoni haraka. Gonga, Mama Pacha alisema ndani kwa ndani. Hamira, gonga basi, unangoja nini.

Kabla ya kutamka mara ya tatu mzee wa tanuri alikawia makusudi. Alipita uso mmoja mmoja na macho yale yasiyo na nyusi, na mtu asiyejua angedhani anawatisha, kumbe anawaomba. Walikuwa wazima wa mikono wote. Pigo moja la kidole lingetosha, lile analotumia mtoto kubisha hodi. Mama Pacha aliinua mkono wake kutoka mapajani mpaka ukafika ukingo wa meza. Akaikumbuka sauti ya mumewe akisema kwamba naye alicheka. Akaurudisha.

"Jambo ni kuuza. Asiyetaka agonge."

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Wahenga hawakukaa kikao kile.

"Limepita," mzee wa tanuri alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeletewa habari za msiba. Aliketi. Kisha akaanza kucheka kidogo, peke yake, akitikisa kichwa, mpaka mtu wa karibu akamshika bega.

*

Tusimnyime Baba Pacha haki yake: alifurahi, na furaha yake ilikuwa ya halali. Alikuja na lori mpaka uchochoro ulipobana, akapiga honi, mapacha wakatoka mbio wakalipanda kama mbuzi wapandavyo kichuguu. Aliwaonyesha nailoni ya kiti na akakataa kuitoa. Alikwenda kwa kinyozi, akanyoa na ndevu, akalipia na wawili waliokuwa wakingoja. Nyumbani akarudi kuwa na sauti. Siku hizo Mama Pacha alimsikia akigomba na redio, akamsikia akikataa mboga kwa kuwa haina chumvi, naye kwenye jiko aligeuza uso ukutani akatabasamu. Alijiambia kwamba labda hawakukosea.

Mashine ya kukanda ililetwa mwezi uleule. Ilikuwa na sufuria kubwa la chuma na mkono mmoja usiochoka. Wakandaji waliitwa kuitazama, wakaitazama. Hamira alitia mkono ndani kabla haijawashwa, akasema, "Shemeji yetu huyu hana hata pa kushika." Walicheka. Wiki iliyofuata wakala, ambaye sasa aliitwa msimamizi, akaanza kuwaita stoo mmoja mmoja.

"Ulisema hafukuzwi mtu," Mama Pacha alimwambia.

"Hamfukuzwi, dada. Mnapumzishwa. Kazi ikizidi tutawaita."

"Nimekanda hapa tangu wanangu hawajazaliwa."

"Najua. Na mgongo wako unajua." Alisema kwa huruma ya kweli, na ndiyo iliyomwumiza. "Naomba tu uache aproni."

"Aproni nimeishona mwenyewe. Kitambaa changu."

"Ina jina la kiwanda, dada. Jina limenunuliwa."

Mama Pacha alifungua kamba nyuma ya kiuno. Ilikuwa imekaza, vidole vikawa vizito, na msimamizi akangoja ametazama pembeni kama anayempisha mwanamke avae. Chini ya aproni nguo yake ilikuwa imechanika ubavuni. Alikuwa haishoni kwa kuwa siku zote aproni iliifunika. Alitoka stoo ameubana mkono ubavuni.

Hamira alikuwa akimngoja nje, naye amevuliwa aproni. Walitembea mpaka walipofika mbele ya dirisha. Fundi mwashi alikuwa analiziba kwa tofali, na vikongwe wawili walisimama na vikapu vyao wakimtazama, bado hawajaamini.

"Hamira," Mama Pacha alisema. Swali lilikuwa limemkaa kooni tangu kikao. "Kwa nini hukugonga?"

"Na wewe?"

"Nakuuliza wewe. Mimi nilijua utagonga. Kila mtu alijua utagonga."

Hamira aligeuka. Alikuwa mwanamke wa kelele, lakini safari hii alisema polepole. "Nilikuwa nagonga, shoga. Si uliniona mkono? Halafu nikaona ulivyoinamisha macho. Habari za lori la mumeo nilikuwa nimeshazipata kwa kinyozi, mtaa mzima unazo. Nikasema, mimi sina mume, sina lori. Nikigonga hapa naivunja nyumba ya mwenzangu. Kama hataki, si ana mkono wake? Atagonga mwenyewe."

"Ukanyamaza kwa ajili yangu."

"Nikanyamaza kwa ajili yako. Na wewe ukanyamaza kwa ajili ya mumeo. Yule kijana wa trei nimemuuliza, alitungoja sisi wakubwa. Mzee wa tanuri anasema mwenyekiti hatangulii kugonga, si adabu." Hamira alifumba macho. "Tumeuza kwa adabu, Mama Pacha. Hakuna aliyetaka kumkosea mwenzake."

Ingekuwa Hamira alihongwa, Mama Pacha angemchukia na kupumzika. Sasa hakuwa na wa kumchukia ila yeye mwenyewe. Nyumbani kwa Hamira palikuwa na watoto watatu wa marehemu dada yake, nao hawakuwa na mtu mwingine duniani.

*

Fungu la kila mmoja katika bei ya kiwanda lilikuwa dogo, halikukawia kwisha, na kwa muda walisaidiana. Baba Pacha alipolipwa, Mama Pacha alimpelekea Hamira unga amejifunga tumboni chini ya nguo, mumewe asione, ingawa mumewe aliona na hakusema. Kisha bei ya mkate ikapanda, na ya unga ikaifuata, na mshahara wa dereva ukabaki palepale ulipozaliwa. Safari za unga zikapungua. Hamira naye akaacha kupita mlangoni, ili asionekane anaomba. Mtaani mambo yaliharibika kidogo kidogo. Nguo ziliibwa kambani. Kiwanda kiliweka mlinzi, halafu wawili, halafu mbwa.

Jambo moja Mama Pacha hakulielewa. Jioni mumewe alirudi amechelewa, nguo zinanuka oili, na mkate hakuutia kinywani tena. Alisema unampa kiungulia.

Asubuhi moja utingo wake, yule anayepanda nyuma kushusha mizigo, alishikwa na homa. Msimamizi alisema kwa simu kwamba dereva alete mtu au alete ufunguo. Baba Pacha aliranda chumbani akiita huyu na yule, hakupata.

"Si mimi nipo?" Mama Pacha alisema. "Nitashusha. Mikono yangu imelala bure."

"Wewe hapana."

"Unaona aibu kuonekana na mkeo kwenye lori?"

"Si hilo."

"Basi lipi?"

Alimtazama mkewe kwa muda, akakohoa kidogo. "Haya, twende," alisema.

Asubuhi na mchana walisambaza mikate madukani, na Mama Pacha alishusha trei kwa nguvu zake zote za zamani. Wenye maduka walimsifu. Jioni walipita tena madukani kuchukua iliyobaki, wakaipakia nyuma, na lori likatoka nje ya mji. Harufu ya mkate ilijaa kibanda cha dereva. Kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kiuzwe Mama Pacha alijihisi mwepesi.

"Tunapeleka wapi hii? Shule?"

Baba Pacha alingoja barabara ya lami iishe. "Jalalani," alisema.

"Jalalani kufanya nini?"

"Kumwaga." Alikuwa amekaza macho mbele. "Kuna madumu mawili ya oili chafu huko nyuma. Mkate ukishamwagwa unatiwa oili, ndipo msimamizi anapiga picha anampelekea tajiri. Siku zote anamwaga utingo. Mimi hukaa hapa ndani, naangalia kioo cha mbele." Alibadilisha gia, lori likalia. "Watu wanatungoja. Wanajua muungurumo wa lori. Wiki iliyopita utingo alimwaga haraka haraka, mikate mingine ikalowa nusu. Watoto wakachuna upande mkavu. Mmoja alitapika mpaka akapelekwa hospitali amebebwa. Sijui aliponea wapi, au hakupona. Sikuuliza."

"Na ulikuwa unarudi nyumbani na hayo."

"Ningerudi na nini?"

Jalalani watu walikuwapo kweli, wamejipanga mbali kidogo, wanawake wengi na watoto, wana mifuko. Msimamizi alishuka kwenye pikipiki yake akamsalimia Mama Pacha kwa adabu. Mama Pacha aliposhusha trei ya mwisho, na mikate yote ikawa lundo moja, alimwendea msimamizi.

"Bosi, wachukue tu. Nani atajua?"

"Dada yangu, soko litajua," msimamizi alisema. Alionekana amechoka, viatu vyake vyenye ncha vimeliwa na taka. "Akila bure leo hapa, kesho haji dukani. Bei haishikiliwi dukani, inashikiliwa hapa. Mimi mwenyewe sipendi. Lakini picha isipofika, mimi ndiye nitakayepumzishwa, na mumeo anatangulia." Akamgeukia Baba Pacha. "Dereva, leo utingo huna. Fanya wewe."

Baba Pacha alilichukua dumu. Alilifungua. Akasogea mpaka kwenye lundo, akasimama, na Mama Pacha akaona dumu linainama vibaya, oili ikimchuruzikia miguuni badala ya kwenye mikate. Alikuwa akilia bila sauti, mdomo wazi. Watu walianza kusogea, hatua kwa hatua, kwa kuwa waliona hawezi.

"Dereva," msimamizi aliita, na kiganja chake kilikuwa wazi, kinangoja ufunguo.

Mama Pacha aliwaza mapacha wake. Alimwaza mumewe akirudi kuomba samahani ili apite ndani ya nyumba yake. Alikwenda akalitwaa dumu mkononi mwake. "Nenda ndani ya lori," alimwambia. "Angalia kioo." Naye akaenda.

Akaanza kumwaga. Oili ilikuwa nzito na nyeusi, ilichukua muda kuingia kwenye mkate. Watu walisimama. Wengine walitukana, mwanamke mmoja alimpigia kelele kwamba hajazaa huyu. Kisha akasikia sauti anayoijua, karibu naye, si ya kelele.

"Mama Pacha."

Hamira alikuwa upande wa pili wa lundo, amekonda, ana mfuko wa nailoni. Watoto watatu wa dada yake walikuwa nyuma yake. Hakumlaumu. Alimwonyesha kwa kidevu mikate iliyomwagikia upande wake.

"Upande huu tu, shoga. Upande huu acha."

Mama Pacha alitazama. Msimamizi alikuwa ameinua simu, anasubiri. Mikate ya upande ule ilikuwa imesharushiwa matone hapa na pale, madoa madogo ambayo mtoto mwenye njaa angeyabandua kwa kucha, akala. Yule mdogo wa mwisho alikuwa ameshachuchumaa, mkono ameunyoosha.

Alihamia upande ule. Alimwaga polepole, akigeuza kila mkate kwa mguu, akihakikisha hakuna hata mmoja uliobaki nusu kavu. Msimamizi alisema yatosha, picha imetoka vizuri. Mama Pacha akaenda kuchukua dumu la pili.